Rimoti ya Mjomba Anord

Kwai, Lushoto
12 Machi 2023

Mjomba Anord,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima, basi angalau unakula. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu. Goti bado linamsumbua akipanda kutoka shambani, lakini ulimi hauna maumivu yoyote, unamjua dada yako. Bibi anakusalimu asubuhi na jioni, maana ikifika jioni ameshasahau kwamba alishakusalimu. Kila akitengewa chakula anauliza kama Anord amekula. Ng'ombe mweusi amezaa dume, kwa hiyo hakuna aliyefurahi. Mvua imechelewa na viazi vimedumaa.

Nilikuandikia mwezi wa kwanza, hukujibu. Mwezi wa pili nikaja mwenyewe, nikaambiwa langoni mwa gereza kwamba hutaki kuonana na mtu yeyote wa nyumbani. Nililia kwenye basi mpaka Mombo, halafu nikakasirika. Sasa naandika kwa hasira, na barua huwezi kuifungia lango.

Jambo lenyewe ni hili. Polisi wamerudisha vitu vyako. Ile ndege yako ndogo ya rimoti wamebaki nayo, sijui ya nini, maana ni vipande tu. Kompyuta na rimoti ziko chumbani kwangu. Watu wa ushirika wa mboga bado wanataka picha za mashamba zilizopigwa kutoka juu, hasa baada ya mlima kumeguka upande wa Mtae, na wanasema wakipata mrushaji watanunua ndege nyingine. Kwenye mkutano kila mtu aliangalia viatu vyake. Mimi nikanyoosha mkono. Usinigombeze. Ile ni kazi uliyoianza wewe, miaka minne hukuvunja hata yai la mtu, na sitaki ikumbukwe kwa siku moja ya Lukozi.

Ni wewe uliyesema mtu asiguse ndege ya kweli kabla hajaangusha mia moja za kwenye kioo cha kompyuta. Nataka kuangusha zangu. Ila simuleta yako ya zamani, ile programu ya diski ya kujifunzia kurusha, inataka Windows, na Windows niliifuta mimi mwenyewe wiki ile ya maonyesho ya Lukozi kwa sababu ya virusi, nikaweka Linux. Ipo ile simuleta ya bure niliyokuwekea siku hiyohiyo. Inafunguka, lakini rimoti inashtukashtuka kama ina degedege. Ni waya, au ni mimi? Nasikia pia kuna programu ya kuidanganya simuleta ya Windows idhani iko nyumbani kwake. Uliwahi kuijaribu? Nijibu hata kwa mistari miwili.

Mpwa wako,
Efrazia


Gerezani
30 Aprili 2023

Mpwa wangu Efrazia,

Marahaba. Barua yako nimeipata wiki ya Pasaka. Mimi sijambo. Tunalima, na mkubwa wetu mmoja aliposikia natoka Lushoto alinikabidhi tuta zima la kabichi kana kwamba nilizaliwa katikati yake. Kwa joto la huku zinafunga majani kama ngumi ya mtoto, basi, haziendelei. Msalimu dada Sesilia. Mwambie mama yangu kwamba nimekula, tena nimeshiba.

Barua zetu zinasomwa kabla hazijatoka, na zenu kabla hazijatufikia. Kwa hiyo andika habari za nyumbani.

Kuhusu kuja huku, usije. Sikukataa kwa dharau. Nguo ninazovaa hapa sitaki uzione.

Kuhusu kompyuta, mpe Nathanaeli wa duka la picha pale Lushoto mjini, yeye ana matumizi nayo. Rimoti usiiwashe. Watu husema mtoto akililia wembe mpe. Mimi sikupi. Ushirika watafute kijana wa Dar es Salaam mwenye vyeti na kofia. Ndege ilianguka kwa sababu nilikosea. Nilisema hivyo mahakamani na sina cha kuongeza, wala humo kwenye kioo hakuna cha kujifunza.

Ulisahau kunieleza kama mlikwenda kwa mke wa marehemu.

Mimi mjomba wako,
Anord


Kwai
4 Juni 2023

Mjomba Anord,

Shikamoo. Natumaini hujambo wewe na kabichi zako. Mama anakusalimu. Mvua ilikuja yote kwa pamoja, ikakata barabara ya juu kwa siku tisa. Viazi vimeoza upande wa bondeni, vya upande wa juu tutakula. Lile dume tumeuza. Mwinjilisti anakusalimu, na jirani zetu wote wanakusalimu.

Kwa Asha tulikwenda. Mama, wazee wawili wa ukoo na mimi, tukiwa na mbuzi na sukari. Lile eneo la uwanja wa maonyesho tulipita bila kugeuza shingo. Asha alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili, akatupa chai, akatuuliza habari za afya yako. Mzee wetu akasema maneno ya kuomba msamaha kwa ajili ya kifo cha Ramadhani, kwa heshima zote. Asha akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema mbuzi turudi naye. Alisema msamaha hauombwi na mjumbe. Mkono uliokosa ndio uje, hata ikiwa ni baada ya miaka mitatu, yeye yupo. Wazee njiani walikubali kwamba ana haki. Ndivyo ilivyo kwetu pia, Mkristo kwa Mwislamu. Tulijaribu tu kupita njia ya mkato.

Wakili naye amekuja. Anasema rufaa yako itasikilizwa mwezi wa tisa, lakini anahitaji sababu. Ndege iliyoruka mara mia mbili salama haiwezi tu kugeuka yenyewe na kuingia kwenye watu. Anasema kila akikuuliza unamjibu neno moja, nilikosea. Mjomba, ulikosea nini?

Sikukutii kuhusu rimoti. Waya ndio uliokuwa mbovu. Nimepata mwingine, na sasa kwenye Linux narusha vizuri kabisa. Nimeshaangusha sitini na mbili. Ila kuna kichekesho. Wiki iliyopita niliibeba rimoti mpaka kwa Nathanaeli, kwa sababu yeye ana Windows. Tukaweka simuleta ileile, ndege ileile. Nikisukuma mkono wa kulia wa rimoti kwenda kushoto, ndege inalala kulia. Nathanaeli akacheka, akasema Windows ina wivu. Wiki ijayo kuna mtalii anayelala kwa mchungaji, ana Mac, amekubali nijaribu na hapo. Nikijua tatizo ni la kompyuta gani nitakuandikia. Wewe ulishawahi kuliona jambo hili?

Mpwa wako mkaidi,
Efrazia


Gerezani
2 Julai 2023

Efrazia,

Marahaba. Mimi sijambo.

Usipeleke rimoti kwenye kompyuta ya tatu. Nakuomba, sikuamuru. Iwashe mara moja tu, fungua menyu, nenda kwenye chaneli. Ya kwanza, ile ya kulaza ndege kushoto na kulia, utaikuta imewekwa kinyume. Irudishe kawaida, uizime, uifunge kwenye mfuko, uutupe huo mfuko pale mlima ulipomeguka. Kisha usimsimulie wakili wala mama yako, wala usinisimulie mimi.

Jambo la pili. Umenitumia salamu za dada, za mwinjilisti na za jirani ambao hata siwakumbuki. Za mama yangu hazimo. Katika barua yako ya kwanza zilikuwa mbili kwa siku. Niambie.

Anord


Kwai
20 Agosti 2023

Mjomba,

Shikamoo.

Bibi alifariki tarehe kumi na tisa Mei. Hakuumwa. Alimaliza uji wake, akauliza kama Anord amekula, mama akamjibu kwamba amekula, akalala mchana na hakuamka. Tulimzika kesho yake, chini ya mti wa parachichi karibu na babu, na watu wa Asha walikuja kutoka Lukozi wakabeba udongo pamoja nasi. Nilipokuandikia barua ile ya Juni alikuwa na wiki mbili kaburini. Mama alisema tusikuambie kwa barua itakayofunguliwa na watu wengine kwanza. Mimi nikakubali haraka kwa sababu sikuwa na ujasiri. Nisamehe kwa hilo kwanza, maana kuna la pili.

Barua yako ilinikuta nimeshaitumia Mac. Ndege ililala kulia vilevile. Kompyuta tatu, rimoti moja. Windows inasema kinyume, Mac inasema kinyume, Linux yangu peke yake ndiyo inasema sawa. Nilikaa pale barazani kwa mchungaji nikiwa bado nashangaa kwamba Windows na Mac zote zimeharibika. Niliona aibu baadaye kwamba niliweza kuwa mjinga kiasi hicho. Kisha nikarudi nyumbani nikakuta barua yako, nikaisoma mara tatu. Mjomba, mimi sikukuambia kwamba rimoti ina tatizo. Nilikuambia kwamba kompyuta zina tatizo. Wewe uko gerezani, hujaigusa rimoti hiyo tangu Lukozi, umejuaje chaneli ya kwanza iko kinyume?

Umejua kwa sababu ulisukuma kushoto mbele ya watu mia tatu, ikaenda kulia.

Sasa acha niseme, na anayesoma barua hizi asome. Ijumaa ile, siku moja kabla ya maonyesho, uliniachia kompyuta na rimoti ukaenda kununua betri. Nilipomaliza kuweka Linux nilijaribu simuleta, na ile programu ikiwa kwenye Linux haikuijua rimoti yetu, ikausoma mkono wa kulia kinyume. Nilitafuta kwenye programu mahali pa kugeuza, sikupaona. Basi nikageuza kwenye rimoti yenyewe, palepale kwenye jina la ndege yako. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Nikafurahi. Uliporudi ukarusha kwenye kioo mpaka ukatosheka, ukaniambia mtoto wa dada una akili. Sikukueleza nilichofanya kwa sababu nilishakisahau. Wala sikukumbuka mahakamani, naapa. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu, na mwendesha mashtaka akakuuliza ilikuwaje, nawe ukanitazama kidogo tu, halafu ukasema nilikosea. Nilidhani unanitazama kwa sababu nalia.

Ramadhani nilimuua mimi. Nikiandika neno hilo mkono unakuwa mzito, lakini nimeliandika.

Sikuigeuza rimoti kama ulivyotaka wala sikuitupa. Iko vilevile. Kesho nampelekea wakili, kisha nakwenda kwa Asha. Yeye alisema mkono uliokosa ndio uje.

Efrazia


Gerezani
10 Septemba 2023

Mpwa wangu Efrazia,

Marahaba, mama.

Habari ya mama yangu nimeipokea. Nilijua tangu zile salamu. Wenzangu humu walikaa nami siku tatu, Waislamu wakanisomea dua, Walutheri wakaimba, na mkubwa wa zamu akanitoa kwenye kabichi. Mwambie dada simlaumu. Siku nikitoka nitaanzia kaburini kabla ya mlangoni. Sitaandika zaidi juu ya hilo, nisije nikashindwa kumaliza karatasi.

Sasa nisikilize. Rimoti ina nafasi kumi za kuhifadhi ndege. Mtu mwenye busara hutenga nafasi moja ya simuleta, na ndege ya kweli ikabaki na yake isiyoguswa. Hilo sikukufundisha. Lingine nilikufundisha, lakini siku ile sikulifanya mwenyewe. Kabla ya kurusha, unasimama nyuma ya ndege, unasukuma mkono kushoto, unaangalia kile kipande cha ukingoni mwa bawa la kushoto kama kinapanda. Unasukuma kulia, unaangalia la kulia. Ni nusu dakika. Miaka minne sikuwahi kuiruka. Pale Lukozi viongozi walishakaa kwenye viti, mmoja akasema kwa kipaza sauti kwamba fundi anatuchelewesha, watu wakacheka. Nami nilikuwa na suti. Nikasema jana nimerusha kwenye kioo na kila kitu kiko sawa. Nikairusha.

Ilipolala kulia nilijua palepale, kabla haijamfikia. Nilijua ni rimoti, na nilijua ni nani aliyekuwa nayo Ijumaa. Kichwa kina kasi kuliko mkono, Efrazia. Ningesukuma kinyume ingerudi. Mkono ukakataa, ukaendelea kusukuma upande unaoujua, na kadiri nilivyosukuma ndivyo ilivyozidi kuingia kwenye watu. Ramadhani alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, hakuiona. Pangaboi lilimkuta shingoni.

Wewe uligeuza kitu kwenye chumba, mimi nilirusha kitu juu ya watu. Katikati kulikuwa na ile nusu dakika, na ilikuwa yangu. Ningesema mahakamani ungeitwa, na una miaka ishirini na miwili. Ndiyo maana nilisema neno moja tu, kwa kuwa lilikuwa la kweli na lilitosha.

Rufaa nimeiondoa. Asha nimeshamwandikia, tangu mwezi wa saba. Nimemwambia rimoti ilikuwa sawa, kosa ni langu peke yangu, hapana mwingine. Kwa hiyo usiende kwake. Ukienda utanifanya mwongo mbele ya mjane, na wewe utakuwa umejifunga bila kunifungua.

Mjomba wako anayekupenda,
Anord


Kwai
22 Oktoba 2023

Mjomba Anord,

Shikamoo. Mama anakusalimu, ameanza kuvaa rangi tena. Mvua za vuli zimeanza vizuri na tumepanda maharage. Kaburi la bibi tumelizungushia mawe, na kila Jumapili mama anapita kuliambia kwamba umekula.

Barua yako ilifika tarehe mbili Oktoba. Kwa Asha nilikuwa nimekwenda wiki sita kabla.

Nianze na wakili. Alinisikiliza akiwa anaandika, halafu akaacha kuandika. Akasema hilo halikutoi, kwa sababu kukagua ni kazi ya mrushaji, na mrushaji ni wewe. Litaongeza tu mtu wa pili kwenye kesi. Akaniambia nirudi nyumbani nifikirie. Nilifikiri mpaka stendi, nikapanda gari la Lukozi.

Asha alikuwa uani anapukuchua maharage, nikakaa nikapukuchua naye. Nilimweleza yote, Ijumaa, Linux, chaneli, Mac ya mtalii. Mengine hakuyaelewa na sikumlazimisha. Nilipomaliza aliingia ndani, akatoka na barua yako. Akanisomea ile sehemu inayosema rimoti ilikuwa sawa. Kisha akaikunja, akasema, "Mmeniletea wakosaji wawili, na aliyekufa kwangu ni mmoja. Sasa nimsamehe nani?"

Nilitaka ardhi inifiche, nakuambia ukweli. Akaendelea kupukuchua, na mimi nikaendelea, kwa kuwa kuondoka sikuweza. Sufuria ilipojaa akaniambia nirudi siku nyingine na hicho kitu, nimwonyeshe.

Juzi nikarudi. Nilibeba rimoti na kompyuta ya Nathanaeli ya Windows, maana yangu ingemwonyesha uongo. Nikaweka juu ya kigoda. Nilidhani anataka nimrushie aangalie. Hapana, aliichukua rimoti mwenyewe. Nikamwelekeza vidole, nikairusha ile ndege kwenye kioo, nikamwambia asukume kushoto. Akasukuma, ikalala kulia ikaanguka. Akanifanyia ishara nianze tena. Alisukuma kushoto mara nane, mjomba, na mara nane ikaenda kulia, na kila mara nilimwona akiegemea kushoto na mwili mzima kana kwamba ataivuta. Mara ya tisa akaishusha rimoti mapajani. Akauliza, "Kumbe ni hivi tu?" Nikamjibu ndiyo. Akauliza tena, nami nikamjibu tena.

Halafu akalia. Watu wa Lukozi wanasema hakulia hata siku ya mazishi. Nilikaa palepale kwenye mkeka nikashindwa kujua kama nina haki ya kulia na mimi, na nikalia tu.

Alipojifuta uso aliniambia niirudishe. Ulitaka niirudishe kwa siri na kuitupa mlimani. Nimeirudisha mbele yake, mchana, uani kwake. Menyu, chaneli, ya kwanza, kawaida. Kidole kimoja. Akaishika tena, akasukuma kushoto, na ndege ikaenda kushoto. Akaiacha izunguke polepole juu ya ule uwanja wa kijani wa kwenye kioo mpaka ikatua yenyewe kwenye nyasi, kisha akaniwekea rimoti mapajani.

Amenituma nikuandikie maneno yake, na nayaandika kama alivyoyasema. Hajakusamehe. Mimi pia hajanisamehe. Barua yako ameichoma, kwa sababu ilikuwa na uongo ndani, na anasema uongo wa wema nao ni uongo. Mbuzi nisimlete tena. Alisema mkono uliokosa ndio uje, sasa amejua kuwa ni miwili, basi ije yote miwili siku moja.

Ushirika nimewaambia watafute mtu mwingine. Rimoti iko kwa Asha. Aliomba ibaki, sikuuliza kwa nini.

Wakikupunguzia theluthi ya kifungo, umebakiza mwaka mmoja na miezi minne. Utaanzia kaburini kama ulivyosema. Mimi nitakungojea pale kwenye parachichi, na tukitoka hapo, mjomba, hatutapita nyumbani kwanza.

Mpwa wako,
Efrazia